Mwanamke wa Mapazia

Kaka yangu,

Pokea salamu zangu, na tafadhali zipokee ukiwa umekaa, maana nakujua: kila barua yangu huisomea mlangoni mwa duka, umesimama kama mtu anayejiandaa kugombana. Hujambo? Shemeji hajambo? Kile kikohozi chako cha asubuhi kimepungua, au bado unasingizia vumbi la saa unazotengeneza? Sisi huku ni wazima, na safari hii neno hilo silisemi kwa mazoea. Mke wangu amerudi. Yuko jikoni sasa hivi, anaimba wimbo ambao hajawahi kuyajua maneno yake yote, na mimi niko mezani nakuandikia.

Najua unasubiri jawabu langu. Pale kwenye kikao ulitoa hukumu kama mkubwa wa familia: kabla mwezi haujaisha nimlete yule mwanamke mbele yenu ajulikane, au nimwache na ionekane wazi kwamba nimemwacha. La sivyo mke wangu angebaki kwa dada yake, na wewe usingenitambua tena kuwa ni mdogo wako. Kaka, hukumu ile ilikuwa ya haki. Tabu ni kwamba siwezi kutimiza hata moja kati ya hayo mawili kama ulivyoyataka, na ninaandika kukueleza kwa nini. Isome peke yako. Ukimaliza utaamua mwenyewe kama Shangazi naye anastahili kujua.

Nianzie kwenye kikao chenyewe, maana wewe ulikiona ukiwa kwenye kiti cha hakimu, na mimi nilikiona nikiwa kizimbani. Unakumbuka sebule yetu ilivyokuwa siku ile. Viti bado vimevishwa nailoni za dukani, kwa sababu mke wangu anaogopa vitambaa vitachakaa, basi kila aliyejigeuza kiti kilimlilia. Shangazi alikuwa ameketi karibu na dirisha, mkoba mapajani, na aliyasoma mashtaka bila kutazama karatasi yoyote. Narudi nyumbani jua limezama wakati kila mtu anajua mashine za uchapaji kazini kwangu zinazimwa alasiri. Siendi kitandani mpaka nihakikishe mke wangu amelala. Nimeanza kubadilishia nguo bafuni kama mgeni. Na kwenye mfuko wa koti langu kumekutwa kitambaa chenye harufu ya mafuta ambayo hayajawahi kuingia nyumba ile.

Kisha akaniuliza lile swali. Alisema, kwa sauti ya upole kabisa, kwamba mwanamume haachi kumgusa mkewe bila sababu, na kwamba sababu ni mbili tu. "Kuna mwanamke mwingine, au kuna jambo jingine?"

Wewe ulikuwa unatazama sakafu. Mimi nilikuwa namtazama shemeji yangu, yule mdogo wake mke wangu, ambaye tangu amwoe yule mwalimu wake anajiona ndiye aliyevumbua ndoa. Unajua ni mara ngapi nimemshinda kwa hoja, kwenye mpira, kwenye siasa, hata kwenye habari za namna ya kupika wali. Shangazi aliposema "jambo jingine", kijana yule alitabasamu. Hakutabasamu kwa ubaya, alijikaza hata, lakini mdomo ulimponyoka. Nikaona picha yote: akitoka pale, akiwa kazini kwake, akiwasimulia wenzake habari za shemeji yake mbishi aliyemaliza maneno yote mdomoni na huko chini hana kitu. Nikafungua kinywa nikasema, "Yupo."

Mke wangu hakulia. Alitazama mikono yake tu. Shangazi akataka kujua ni nani, na mimi, mtu ninayejidai kwamba sikosi la kusema, nikatafuta la kusema nikakutana na dirisha. Nikasema ni mjane, anauza mapazia. Shangazi akauliza mapazia gani. Nikasema mazito. Naona aibu kuandika haya, lakini wewe ulikuwepo, ulinisikia.

Kaka, hakuna mwanamke. Hakuna mjane na hakuna mapazia. Nilikiri kosa ambalo sikulifanya kwa sababu nililiona jepesi kuliko ukweli. Hebu fikiri hilo kidogo, maana mimi nimelifikiri mpaka nikapandwa na hasira. Mbele ya ukoo mzima niliona nafuu niitwe mzinzi kuliko niitwe mgonjwa. Na sikukosea hesabu. Mliponisikia mlikasirika, mlinikaripia, lakini hakuna aliyenidharau. Wanaume wawili waliniaga kwa heshima zaidi wakati wa kuondoka. Tumejitengenezea dunia ambayo mzinzi anasamehewa kabla mgonjwa hajasikilizwa, halafu tunashangaa kwa nini wanaume wanakufa midomo imefungwa.

Ukweli ni huu, na nauandika wazi kwa sababu nimechoka na mafumbo. Nguvu za kiume zilinitoka. Zilianza kunitoka mwaka jana, kidogo kidogo, na baadaye zikaondoka moja kwa moja. Mara ya kwanza nilisema ni uchovu. Mara ya pili nikasema nimeshiba mno. Baada ya hapo sikuhitaji kusema kitu, kwa sababu nilianza kuuogopa mlango wa chumba, na hofu ikawa inafika kitandani kabla yangu. Ndiyo maana nilikuwa nabaki kazini. Mashine zimezimwa, wenzangu wameondoka, mimi nimekaa kwenye rundo la karatasi nikisoma magazeti ya zamani na kugombana na waandishi wake.

Sasa nikueleze kitu kitakachokuchekesha. Kuna mteja wetu mmoja tunamwita Profesa. Anauza dawa za nguvu za kiume, na kila akimaliza vipeperushi anakuja kuchapisha vingine. Maandishi yake ni vurugu tupu, hivyo kazi ya kuyanyoosha ni yangu. Yeye aliandika kwamba tatizo linaletwa na kukalia viti vya chuma, kulala kwenye sakafu baridi, uchezaji wa utotoni, na wanawake wenye vijicho. Mimi nilimcheka mbele ya watu, nikamwita mwizi, lakini nikamtengenezea sentensi nzuri yenye mapumziko mahali pake. "Chanzo ni baridi iliyojificha mgongoni tangu ujana." Hiyo ni yangu. Basi siku moja nilikuwa peke yangu na rundo la vipeperushi vile, nikaisoma sentensi hiyo, na nikaiamini. Niliiandika kwa mkono wangu nikiwa najua ni uongo, na nikaiamini kwa sababu ilikuwa imenyooka. Nilimfuata Profesa barabarani nikanunua unga na mafuta. Hiyo ndiyo harufu aliyoipata Shangazi kwenye koti langu. Mafuta yalinifanya ninuke kama sanduku la nguo za zamani, na unga ulifanya moyo ukimbie na kichwa kigonge mpaka nikashika ukuta. Zaidi ya hapo hayakunifanyia lolote.

Kilichoniokoa ni macho. Baada ya kikao, mke wangu akiwa kwa dada yake, tulipata kazi ya kadi za harusi. Mimi ndiye niliyesoma prufu, ile nakala ya kusahihisha kabla ya kuchapa. Nilikuwa naona herufi zimevimba kama zimelowa maji, lakini nani atamwambia mtu kama mimi kwamba haoni. Kadi zikachapwa zote, zikakatwa, zikafungwa, na familia ilipokuja kuzichukua ikakuta baba wa bibi harusi ndiye anayemwoa binti yake. Mama mtu alikaa chini palepale kwenye marobota ya karatasi. Fundi wetu wa mashine ya kukatia, ambaye tumefanya naye kazi tangu nywele zetu zikiwa nyeusi, alizima mashine. Alivua aproni, akaniamuru nivae viatu, akanipeleka hospitali kwa miguu huku akinishika kiwiko kama kipofu.

Kule wakanipima macho, kisha wakanitoboa kidole, kisha wakanikalisha kwenye benchi, na mara nikaitwa kwa haraka kuwapita waliotangulia. Daktari ni mwanamke, umri wa binti yangu mkubwa, ana sauti ndogo na hana haraka. Akaniambia nina kisukari, na kwa kiwango kile kimekaa nami siku nyingi. Akauliza habari za kiu, za kwenda haja ndogo, za ganzi miguuni. Halafu, bila kubadili sauti, akauliza mambo ya chumbani yanakwendaje.

Unanijua. Nilimpa hotuba. Nilimwambia nimekuja na macho, na macho yako kichwani, na kwamba vijana wa siku hizi hawana mipaka, na mengine mengi ambayo nashukuru siyakumbuki. Alisubiri mpaka nikaishiwa pumzi. "Mzee, damu inayokwenda machoni ndiyo hiyo hiyo inayokwenda kote," akasema. "Haya, jibu swali."

Kaka, nikajibu. Chumba kile kilikuwa na meza, mizani, pazia la kijani na bomba linalodondosha maji, na humo ndimo nilimosema kwa mara ya kwanza maneno ambayo sikumwambia mke wangu wala wewe. Nilitegemea paa lishuke. Daktari aliandika tu, kama mtu aliyeambiwa kwamba ninakohoa. Kisha akauliza natumia dawa gani. Nikamwambia vidonge vya presha. Akauliza nani aliniandikia. Nikasema fundi saa.

Aliweka kalamu chini. "Fundi saa," akasema.

Nikaeleza kwamba ni kaka yangu, mtu makini sana, na kwamba nilipolalamikia kichwa miaka ile ulinipa vidonge vyako ukasema kama vimekufaa wewe vitanifaa na mimi, kwa kuwa sisi ni damu moja, na tangu hapo nimekuwa nikinunua hivyo hivyo. Muuguzi aliyekuwa akipanga faili alitoka nje, nadhani akacheke. Sikulaumu, Kaka. Uliyatoa mapenzi yako katika kikaratasi cha dawa, na familia zetu zote ndivyo zinavyofanya. Lakini ikaonekana kwamba presha yenyewe ninayo kweli, ila vidonge vya aina ile huwapunguzia baadhi ya wanaume nguvu, na kwa mtu mwenye sukari kama yangu havikuwa chaguo lake la kwanza.

Nilibishana naye sana, na nikuambie ukweli, nilikuwa nabishana huku mzigo unanishuka. Nilimwambia sisi tunajua ni uzee. Akasema uzee ni jina tunalokipa kila kitu tusichotaka kukipima. Kweli umri unaongeza tatizo, lakini mara nyingi kuna kitu nyuma yake chenye jina. Sukari inaharibu mishipa na neva. Presha inaikakamaza mishipa. Sigara inaibana. Kuna mafuta yanayoganda ndani yake, kuna pombe, kuna unene, kuna wanaume waliofanyiwa upasuaji wa tezi dume, kuna ambao homoni zao zimeshuka. Na kuna huzuni na hofu, ambazo zinatosha zenyewe, na mara nyingi zinakuja kukaa juu ya hayo mengine. Nikamuuliza baridi ya mgongoni je. Akaniuliza nimeitoa wapi. Nikaangalia lile pazia la kijani.

Alinibadilishia dawa za presha, akanipa za sukari, akanifundisha kula, akaniambia nitembee kila siku. Unga wa Profesa aliunusa akautupa. Akasema dawa nyingine za mitaani huchanganywa na vitu visivyoandikwa, na mwenye dawa za moyo anaweza kuanguka nazo asiamke. Nilirudi kazini nikavikusanya vipeperushi vilivyobaki, na Profesa alipokuja tukapigana kwa maneno mpaka wapita njia wakasimama. Hatachapa tena kwetu. Bosi amenuna, lakini atacheka tena.

Kilichobaki kilikuwa kigumu kuliko vyote. Nilikwenda kwa shemeji yangu, dada yake mke wangu, ambaye alinipokea na ufagio mkononi bila kusema kama anafagia au ananingoja. Mke wangu alikuwa uani anaanika. Nikamwambia kila kitu huku shuka lililolowa liko katikati yetu, yeye upande ule, mimi upande huu, na nashukuru lile shuka maana bila hilo nisingemaliza. Nilimaliza. Maji yalikuwa yanadondoka kwenye saruji.

Akauliza, "Kwa hiyo hakuna mjane?"

Nikasema hakuna.

Akabana kibanio kimoja kwenye kamba. Halafu akaniambia kwamba alizunguka maduka yote ya mapazia mjini akimtafuta. Na alimpata. Yaani alimpata mama mmoja, mjane kweli, mnene, mcheshi, anauza mapazia mazito, akawa na hakika ndiye. Alisimama mlangoni kwake akimkodolea macho na matusi yakiwa yameshajipanga. Yule mama akamuuliza anataka pazia la chumba gani, akamletea kiti, akamwambia anaonekana amechoka. Mke wangu akashindwa. Akanunua mapazia akaondoka.

Hapo akavuta shuka upande, na nilidhani anacheka, kumbe analia, kisha vyote viwili. Lililofuata nakuandikia kama alivyolisema, kwa sababu sitalisahau. "Ningejua ni ugonjwa ningekuuguza. Wewe uliona bora nikuchukie."

Sikuwa na hoja. Ni mara ya kwanza katika ndoa hii, na amenikumbusha mara kadhaa tangu arudi.

Basi amerudi. Sukari imeshuka, si sana, lakini imeshuka. Macho yananisomea tena. Asubuhi tunatembea pamoja, yeye mbele, mimi nyuma nikilalamikia barabara. Ya chumbani sitakueleza zaidi ya hili: yale mapazia mazito yametundikwa, na Jumapili iliyopita yalifungwa mchana kweupe, jirani akagonga mlango akafikiri tumesafiri. Daktari alisema haitakuwa kila siku, na kama itahitajika kuna dawa halali za kusaidia. Lakini mimi tayari nimepona kitu kikubwa zaidi. Siuogopi mlango.

Sasa, Kaka, nifikie sababu iliyonifanya niandike badala ya kukupigia simu, maana kwenye simu ungenikatia.

Mke wangu alinirudishia siri kwa siri. Siku ile ya kikao, wakiwa jikoni, shemeji yangu mkeo alimwambia maneno ambayo hakuyaelewa. Alimwambia anamwonea wivu, kwa sababu yeye angalau anajua mumewe anakwenda wapi. Wa kwake haendi popote. Analala dukani kwenye benchi, anasema kazi ni nyingi, na asubuhi meza ya saa iko tupu kama alivyoiacha.

Nami nikakumbuka mengine mawili. Ulipokuwa unapanda ngazi zetu kuja kunihukumu, ulisimama katikati, mkono mmoja kwenye reli na mwingine kifuani, ukasema unatafuta kitambaa chako. Na ulipokuwa unaondoka ulinishika bega. Nilijiandaa kutukanwa. Ukasema kwa sauti ndogo, "Angalau wewe, mdogo wangu." Nilidhani nimekusikia vibaya. Sasa najua ulikuwa unamwonea gere mzinzi.

Usinijibu kwa hasira. Vidonge vyetu ni aina moja, baba yetu ni mmoja, na wewe una sigara juu yake. Nilimweleza daktari habari za ngazi na za benchi, bila kukutaja, ingawa nadhani alikufahamu. Safari hii hakuzungumza polepole. Alisema mishipa ya huko ni myembamba kuliko ya moyo, kwa hiyo inaziba mapema, na kwa wanaume wengi tatizo hili ni taarifa inayoutangulia ugonjwa wa moyo. Mtu anayelipata kisha anabanwa kifua akipanda ngazi hapaswi kusubiri. Vidonge vyako usiviache kwa sababu ya barua hii. Kuviacha ghafla ni hatari. Na kama umenunua kitu chochote kwa akina Profesa, kitupe leo hii. Kifua kikikubana ukiwa umetulia, usimalize hata kusoma, funga duka uende hospitali iliyo karibu.

La sivyo, Alhamisi nitakungoja kwenye lango la hospitali asubuhi. Mwambie Shemeji mapema, au usimwambie, lakini mimi ningemwambia. Daktari anajua kwamba fundi saa anakuja, na amesema ana hamu ya kuonana na mwenzake wa kazi.

Uliniamuru nimlete mwanamke niliyekuwa nikimwendea kwa siri. Mwanamke pekee niliyemwendea kwa siri ni huyo. Hawezi kuwaacha wagonjwa wake aje kukaa kwenye nailoni zetu, kwa hiyo itabidi kikao kiende kwake.

Mke wangu anakusalimu, na anasema kosa lako la vidonge alilisamehe kabla hujalijua. Msalimie Shemeji, wasalimie watoto, mwambie Shangazi mapazia ni ya kahawia.

Ni mimi, mdogo wako unayemjua,

Mbishi